Usimruke Bi Bates: miaka 200 ya riwaya "nyepesi"

Mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya harusi. Wanaozijua kamati za harusi za Dar es Salaam wanaijua kazi yenyewe: kuandika ahadi za michango, kukumbusha watu kwa upole, kisha kuwakumbusha tena bila upole. Katika kamati yetu alikuwamo mama mmoja, jirani wa familia, mjane wa mwalimu, mtu wa maneno mengi. Kwenye kundi letu la WhatsApp hakuwa anaandika. Alikuwa anatuma sauti, dakika sita, dakika saba, anaanzia kwenye sare za wapambe anaishia kwenye bei ya vitunguu. Katika kikao cha tatu alisimama kuchangia hoja ya ukumbi, akazunguka kama kawaida yake, nami nikasema kwa sauti ya kusikika: "Tukimsubiri mama amalize, bwana harusi atakuwa keshapata wajukuu."

Watu walicheka. Naye alicheka kidogo, akaketi.

Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani shoga yangu, ambaye tunajuana tangu chuo, alikaa kimya njia nzima. Tulipokaribia kushuka ndipo aliposema: "Umemkosea yule mama. Angekuwa mke wa mkurugenzi usingethubutu." Sikumjibu. Nilihisi hoja hiyo nimeshakutana nayo mahali, nikalala nikijiuliza ni wapi. Asubuhi nikakumbuka. Niliikuta kwenye Emma ya Jane Austen, kitabu ambacho kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ni riwaya nyepesi ya mapenzi, ya kusoma ukiwa safarini.

Basi nikakirudia. Na baada ya kukirudia nikaanza kufuatilia kilivyoandikwa, kilivyochapwa, na nani aligawiwa nakala za mwanzo. Ninachotaka kusema leo nimekipata huko kwenye historia yake kuliko kwenye vionjo vya mapenzi.

Kwa ambaye hajakisoma, kisa ni hiki. Emma Woodhouse ana karibu miaka 21. Ni mzuri, ana akili, ana pesa, na anaishi na baba yake mwoga wa kila ugonjwa katika kijiji cha kubuni kiitwacho Highbury, si mbali na London. Mwalimu aliyemlea ameolewa, na Emma anaamini ndoa hiyo aliipanga yeye. Sasa ameonja utamu wa kuwa mshenga. Anamchukua Harriet Smith, msichana wa miaka 17 asiyejulikana wazazi wake, anamfanya rafiki, na kumtafutia mume. Harriet tayari ana mchumba anayempenda kwa dhati, mkulima Robert Martin. Emma anaona mkulima hamfai rafiki yake, anamshawishi amkatae, na kumwelekeza kwa kasisi wa kijiji, Bwana Elton. Kumbe Elton hamtaki Harriet hata kidogo. Anamtaka Emma, na anamposa ndani ya gari la farasi usiku wa kuamkia Krismasi. Kuanzia hapo kila anachopanga Emma kinakwenda mrama, na kila anapokosea jirani yake Bwana Knightley, mtu mzima wa miaka 37 hivi, ndiye pekee anayemwambia ukweli. Kitabu kinaisha kwa harusi tatu.

Ukikisimulia hivyo ni komedi tupu. Ndiyo maana mwaka 1995 Amy Heckerling alikigeuza filamu ya Clueless, akawahamishia watu wale kwa vijana wenye hela wa Beverly Hills, na mwaka 2010 Bollywood ikatuletea Aisha, Sonam Kapoor akiwa ndiye mshenga mwenyewe, mara hii jijini Delhi. Zote mbili zinachekesha, na zote mbili zinajua kwamba shujaa huyu ni msumbufu ambaye bado unamtakia mema. Austen mwenyewe, kwa kumbukumbu za mpwa wake, alisema anamwandika shujaa ambaye huenda asipendwe sana na mtu mwingine isipokuwa yeye.

Sasa tuje kwenye historia.

Kwa kumbukumbu alizoacha dada yake Cassandra, Austen alianza Emma Januari 1814 na kuimaliza Machi 1815. Kilitolewa London na mchapishaji John Murray siku za mwisho za Desemba 1815, ingawa ndani kimeandikwa 1816. Kilikuwa na juzuu tatu, nakala 2,000, bei shilingi 21, fedha ambayo kibarua wa shamba wa Uingereza hakuipata kwa wiki nzima. Jina la mwandishi halikuwamo. Kiliandikwa tu kwamba ni kazi ya mwandishi wa Pride and Prejudice.

Wiki chache kabla hakijatoka lilitokea jambo la ajabu kidogo. Mtawala wa Uingereza wakati huo, mwanamfalme aliyeshika madaraka kwa niaba ya baba yake mgonjwa, alikuwa msomaji wa vitabu vya Austen. Novemba 1815 mkutubi wake, James Stanier Clarke, alimtembeza Austen katika jumba la Carlton House, na kumjulisha kwamba ana ruhusa ya kumtabarukia mwanamfalme kitabu chake kijacho. Ruhusa ya namna hiyo kwa kweli ni amri. Shida ni kwamba miaka miwili nyuma Austen alikuwa amemwandikia rafiki yake Martha Lloyd kwamba anamchukia mwanamfalme yule kwa jinsi alivyomtendea mkewe. Lakini ungefanyaje? Emma ikatoka na maneno ya heshima kwa mwanamfalme kwenye ukurasa wa mbele, na nakala yake ikajalidiwa kwa ngozi nyekundu.

Nakala za zawadi zilikuwa 12. Moja ikaenda kwa watu wa mwanamfalme. Moja ikaenda kwa mke wa lodi mmoja. Tisa zikaenda kwa ndugu zake. Ile iliyobaki, moja tu, alimpelekea rafiki aliyeitwa Anne Sharp.

Anne Sharp hakuwa mtu wa cheo. Alikuwa mwalimu wa nyumbani, yaani mwanamke aliyeajiriwa kuishi kwenye nyumba ya matajiri na kufundisha mabinti zao. Kazi hiyo ilikuwa na upweke wake. Mwalimu huyo si mtumishi, kwa hiyo jikoni hakai. Si mgeni wala ndugu, kwa hiyo sebuleni hakaribishwi kikamilifu. Kati ya 1804 na 1806 Anne Sharp alimfundisha Fanny, binti wa Edward, kaka yake Jane Austen, katika jumba la Godmersham huko Kent. Alikuwa mwanamke mchangamfu, anayewaandikia watoto michezo ya kuigiza ya nyumbani. Jane alipokwenda kumtembelea kaka yake mwaka 1805 wakaelewana, na urafiki wao ukadumu hadi kifo.

Tazama huo mwaka. Januari 1805 baba yake Jane, kasisi mstaafu, alikuwa amefariki, na pamoja naye kikakatika kipato cha kanisa. Mama mjane na mabinti wawili wasioolewa wakawa wanaishi kwa michango ya kaka zao, wakihama nyumba hadi nyumba, mpaka 1809 Edward alipowapa nyumba ndogo kijijini Chawton. Martha Lloyd naye aliishi nao. Kwa hiyo pale Godmersham, Jane alikuwa shangazi maskini kwenye nyumba ya kaka tajiri. Bila shaka aliheshimiwa. Lakini nafikiri alijua vizuri ni upande upi wa meza aliokaa, na haishangazi kwamba mtu aliyeelewana naye alikuwa mwalimu wa watoto.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona Bi Bates kwa jicho jingine.

Katika Emma, Bi Bates ni mwanamke mzima asiyeolewa, binti wa kasisi marehemu wa Highbury. Anaishi na mama yake kikongwe katika vyumba vya kupanga, kwa fedha kidogo inayozidi kupungua, na kwa vikapu vya matofaa na vipande vya nyama ambavyo majirani huwapelekea. Ni mwema, hana kinyongo na mtu, na anaongea bila kituo. Anaanza sentensi hii anaidondosha, anaokota nyingine, anashukuru, anaomba radhi, anarudi kwenye ile ya kwanza. Kurasa nzima! Wasomaji humruka. Hata Walter Scott, aliyeisifu riwaya hii katika jarida la Quarterly Review mwaka 1816 kwa kuchora maisha ya watu wa kawaida, alilalamika kwamba wahusika wa aina ya Bi Bates wanachosha wakiletwa mara nyingi mno.

Lakini binti wa kasisi marehemu, hajaolewa, anaishi na mama mjane kwa hisani ya wengine: huyo ni nani kama si Jane Austen mwenyewe, ukimwondolea kalamu? Sisemi kwamba Bi Bates ni picha yake. Ninasema kwamba Austen alipomwandika mwanamke yule wa kuchekesha, alikuwa anaandika hali ambayo yeye aliiishi kila siku.

Na humo kwenye maneno yake mengi ameficha kitu. Katika riwaya kuna siri kubwa: kijana mtanashati Frank Churchill, ambaye Emma anadhani anamtaka yeye, amechumbiana kwa siri na Jane Fairfax, mpwa wa Bi Bates. Hakuna anayejua. Siku moja Frank anateleza: anauliza habari za mpango wa tabibu wa kijiji kununua gari la farasi, mpango ambao hakupaswa kuujua. Anajitetea kwamba labda aliota. Bi Bates, katikati ya maelezo yake marefu, anataja kwamba mpango ule ulikuwa siri, ukijulikana nyumbani kwao na kwa akina Cole tu, na kwamba Jane naye alisimuliwa. Yaani karibu ametoboa kila kitu: habari ile Frank huenda aliipata kwa Jane. Na karibu hakuna mtu pale anayesikiliza. Wala msomaji hasikilizi, kwa sababu keshazoea kumruka. Mimi nimesoma kitabu hiki mara mbili bila kuligundua hilo. Austen ameweka ufunguo wa riwaya mdomoni mwa mtu ambaye alijua hatutamsikiliza.

Kurasa chache baadaye ndipo tunapofika Box Hill.

Ni kilima cha kweli, kiko Surrey, na watu bado huenda pale kupunga upepo. Kundi la Highbury linakwenda matembezi. Jua kali, watu wamenuniana. Frank anapendekeza mchezo: kila mtu aseme jambo moja la akili sana, au mawili ya akili ya wastani, au matatu ya kipuuzi. Bi Bates anajitania mwenyewe kwamba hayo matatu ya kipuuzi hayatamshinda. Na Emma, mwenye ulimi mwepesi, anamrushia kijembe kwamba tatizo litakuwa kuishia kwenye matatu. Bi Bates haelewi mara moja. Anapoelewa, hakasiriki. Anasema tu, kwa aibu, kwamba lazima awe mtu wa kuchosha sana hata rafiki wa zamani amwambie hivyo.

Jioni, Emma anapongoja gari lake, Knightley anamfuata na kumweleza kosa lake. Hoja yake haihusu adabu za mezani. Anasema kama Bi Bates angekuwa tajiri, utani ule ungepita. Angekuwa sawa na Emma kwa hali, angeweza kujibu. Lakini ni maskini, ameporomoka kutoka hali aliyozaliwa nayo, na huenda akaporomoka zaidi. Tena amemjua Emma tangu utotoni, enzi ambazo kuangaliwa na Bi Bates kulikuwa heshima. Emma anaingia garini bila kuaga, analia njia nzima.

Riwaya za mapenzi zina desturi ya tukio ambalo shujaa anagundua anapenda. Kwa maoni yangu, hapa ndipo tukio hilo lilipo, ingawa hakuna anayetamka neno la mapenzi. Mtu anayekupenda ndiye anayethubutu kukwambia umekosea hali anajua anaweza kukupoteza. Na kukua kwa Emma hakuanzi pale anapompata mume. Kunaanza asubuhi inayofuata, anapokwenda kwa miguu hadi kwa akina Bates kubisha hodi.

Lakini nisikipake kitabu mafuta kupita kiasi. Harriet, ambaye Emma alimwita rafiki na kumchezea kama mwanasesere, mwishoni anaolewa na mkulima wake, inagundulika baba yake alikuwa mfanyabiashara tu, na urafiki wao unaachwa upoe taratibu, kila mmoja kwenye tabaka lake. Mwandishi anaona ni sawa. Mimi siioni sawa, na nadhani Anne Sharp naye alikuwa na lake la kusema.

Tunajua hivyo kwa sababu Austen alikuwa na tabia ya kukusanya maoni ya watu wake na kuyaandika. Orodha ya maoni juu ya Emma ipo mpaka leo, na inachekesha: muungwana mmoja alisoma sura ya kwanza na ya mwisho tu kwa sababu alisikia kitabu hakivutii. Miongoni mwa maoni hayo yapo ya Anne Sharp. Alimpenda Emma kwa upekee wake, akafurahishwa na Knightley, akamsifu sana mke wa Elton kama kichekesho. Ila hakuridhika na Jane Fairfax.

Jane Fairfax ni nani? Ni yatima msomi, maskini, anayekaribia kulazimika kuajiriwa mwalimu wa nyumbani. Katika mazungumzo makali kuliko yote kitabuni, analinganisha ofisi za kutafutia kazi wanawake kama yeye na biashara ya watumwa, miaka michache tu baada ya Uingereza kuipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Kisha riwaya inamwokoa: Frank anamwoa, hafundishi hata siku moja. Anne Sharp hakuokolewa na mtu. Alifanya kazi ile miaka mingi, na baadaye akafungua shule yake ya bweni karibu na Liverpool. Orodha haitoi sababu za kutoridhika kwake, nami sitamwekea maneno mdomoni. Ninachokipenda ni kwamba aliambiwa atoe maoni, akayatoa bila kujipendekeza, na rafiki yake akayaandika kama yalivyo.

Kibiashara kitabu hakikwenda mbali. Faida yake ilikuwa pauni 221 na ushei, lakini hasara ya toleo la pili la Mansfield Park ilikatwa humo humo, Austen akaambulia kama pauni 39. Julai 18, 1817 alifariki huko Winchester akiwa na miaka 41. Miongoni mwa barua zake za mwisho ipo ndefu aliyomwandikia Anne Sharp Mei mwaka ule. Siku kumi baada ya kifo, Cassandra alimtumia Anne nywele kidogo za marehemu, vishikizo viwili, na sindano butu ya kupitishia utepe ambayo Jane aliitumia kwa zaidi ya miaka 20. Miaka michache baadaye, nakala za Emma zilizobaki, zaidi ya 500, ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2008 ile nakala ya mwalimu wa nyumbani iliuzwa mnadani London kwa pauni 180,000.

Turudi Dar. Baada ya kusoma sura ya Box Hill kwa mara ya tatu niliirudia simu yangu, nikafungua sauti za yule mama ambazo nilikuwa nimezipita bila kuzisikiliza. Nikaanza na ile ya mwisho kabla ya kikao. Sare, keki, mpiga picha asiyeaminika. Kwenye dakika ya nne, kati ya habari za mpiga picha na habari za vitunguu, anasema kwamba tarehe tuliyochagua ndiyo tarehe aliyofiwa na mumewe, ila tusijali, atakuja, mwalimu alipenda sana harusi. Halafu anaendelea na vitunguu.

Kamati nzima, watu 23, hakuna aliyejibu.

Nilikwenda kwake Jumamosi, bila taarifa, na kilo mbili za sukari mkononi kwa kuwa sikujua mtu anabeba nini kwenye safari ya namna hiyo. Nilimwamkia, nikamwomba radhi mlangoni kabla sijakaa, maana nilijijua nikikaa nitaahirisha. Akasema, "Aa, mwanangu, yale ya kikao yalikwisha kikaoni," kwa namna iliyonionyesha kwamba hayakuwa yamekwisha. Akanitengea chai. Akanisimulia habari za mwalimu, za shule alizohamishwa, za harusi yao wenyewe iliyonyeshewa mvua. Nilikaa kwa saa mbili na nusu.

Ukikipata Emma, usimruke Bi Bates.